Mashua Iliyoungua Mbele ya Ziwa

Wakati wa kiangazi, Ziwa Tanganyika hulala mbele ya Uvira kama mafuta ndani ya sahani. Ng'ambo, milima ya Burundi hupoteza miguu yake katika ukungu wa mchana, ikabaki inaelea. Mtu aliyeketi ufukweni Kalundu, mwisho wa kusini wa mji, akitazama maji mengi kiasi hicho, huanza kuamini kwamba duniani hakuna kitu kinachoweza kuungua. Imani hiyo ndiyo iliyomponza Firmin, fundi wa mashua.

Tangu ujana wake Firmin alikuwa ameunda mashua za watu wengine. Sasa, kichwa kikiwa kimeota mvi, alikuwa akiunda yake mwenyewe, ya kwanza. Ilisimama juu ya magogo, karibu na maji, na harufu ya mbao zake ilifika hadi jikoni kwa mkewe, Georgette. Kila jioni Firmin aliipapasa ubavuni taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Papa Firmin," Georgette alimtania, "siku moja utaipelekea hiyo mashua uji."

"Acha wivu, mama. Weye ndiye utapanda wa kwanza."

Mwaka huo mji ulipewa gari la zimamoto, jekundu, lenye ngazi mgongoni. Wajumbe wa mitaa waliitwa kuamua likae wapi. Claudette, mkuu wa kikosi cha zimamoto, alisimama kwanza. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Alisema kwamba Kalundu ndiko kwenye mbao, lami, majiko ya kukaushia samaki na madumu ya petroli. Gari likae huko. Ikishindikana, Kalundu ijengewe walau kibanda kidogo chenye pampu ya kuvuta maji ya ziwa na mpira mrefu.

Firmin, aliyekuja kwa niaba ya Kalundu, alinyoosha mkono.

"Mama Claudette, minye nakuheshimu. Lakini mugeni anaingia Uvira kupitia Kavimvira, pale mpakani. Tumuonyeshe nini? Mavumbi? Gari ikae kule, aione, ajue amefika mu mji!"

Watu wakampigia makofi.

"Na moto ukiwaka kwenu?" Claudette akauliza.

"Kwetu? Na ziwa lote hili mbele ya mulango? Moto utakuja kuoga?"

Kicheko kikajaa ukumbini. Claudette alingoja kiishe.

"Papa Firmin, ziwa halina mikono," akasema, akaketi.

Kituo kikajengwa Kavimvira, kaskazini kabisa mwa mji. Kilipendeza, kuta nyeupe, lango la buluu. Maharusi walikuja kupigwa picha mbele ya gari. Bibi harusi alishika usukani, na shela lake likaning'inia dirishani kama wingu lililopotea njia. Claudette na vijana wake walilisugua gari hadi mtu aliweza kunyoa ndevu kwa kujitazama mlangoni mwake. Habari za kibanda cha Kalundu hazikusikika tena.

Siku ya kuishusha mashua majini ilikaribia. Firmin alikuwa akiziba nyufa zake kwa pamba iliyochovywa katika lami ya moto. Mchana mmoja alikiacha chungu cha lami juu ya makaa, akala, kisha akajinyoosha kivulini, chini ya mashua. Usingizi ukamwiba. Aliota kwamba mashua imeshaondoka. Haikuelea majini bali juu ya ukungu, na Georgette ameketi mbele, akimpungia mkono. Mbao zake zilikuwa zikiimba. Firmin aliusikiliza wimbo ule kwa furaha, mpaka alipotambua kwamba mbao haziimbi. Zilikuwa zikitatarika.

Upepo wa ziwani ulikuwa umeamka kabla yake. Ulikuwa umezirusha cheche kwenye takataka za randa, na moto ulikuwa tayari unapanda ubavu uliopakwa lami.

"Toka, Firmin! Toka!" Georgette alipiga kelele, akimvuta mguu.

Firmin alitambaa nje, akapiga simu.

"Allô, mama Claudette! Bwato yangu iko inaungua!"

"Tunakuja, papa. Weka watu mbali."

Majirani walikuja mbio na ndoo, beseni na masufuria. Joto lilikuwa kali. Hakuna aliyeweza kusogea karibu, na maji waliyoyarusha yaliangukia mchangani. Wanaume walijaribu kuisukuma mashua ziwani, wakarudi wakipuliza viganja vyao. Barabara kuu ya Uvira ni moja, imebanwa kati ya mlima na ziwa. Mlio wa gari ulisikika mbali, mwembamba kama wa mbu. Kisha ukasimama palepale, haukuongezeka wala kupungua, maana kwenye daraja la Mulongwe malori na pikipiki za siku ya soko zilikuwa zimekumbatiana. Firmin alisimama na beseni tupu, moto usoni, ziwa mgongoni. Maji yalimgusa visigino. Alipogeuka aliiona mashua yake ikiwa majini hatimaye, lakini ilikuwa taswira tu, na hiyo nayo ilikuwa ikiwaka.

Gari lilipofika, zilikuwa zimebaki mbavu nyeusi. Vijana wa Claudette walitumbukiza mpira ziwani, wakawasha pampu, na moto ukafa kabla Firmin hajaweka beseni chini. Majiko ya samaki ya jirani yalipona.

"Haukuwa moto mukubwa," Firmin alisema polepole.

"Hapana, papa. Ulikuwa mudogo."

Firmin alingoja akumbushwe maneno yake ya ukumbini. Claudette aliendelea kukunja mpira.

"Ile kibanda uliomba," Firmin akasema, "bado unaitaka?"

"Bado naitaka."

Mbao alizotenga kwa ajili ya sitaha zilikuwa nyumbani, salama. Firmin alirudi mbele ya wajumbe, akasimama pale pale aliposimama mara ya kwanza. "Siku ile niliwachekesha," alisema. "Leo naomba pampu. Kibanda nitajenga minye." Safari hii hakuna aliyecheka. Mji ukatoa pampu na mpira.

Alikijenga pale ilipoungulia mashua. Kwa kuwa mikono yake haikujua umbo lingine, kibanda kilifanana na mashua iliyopinduliwa, mlango wake ukitazama nyumba za watu.

Asubuhi moja yenye ukungu, mfanyabiashara aliyekuwa ametoka kuvuka mpaka alisimama kukishangaa.

"Papa, bwato hii inaenda wapi?"

"Haiendi popote. Kazi yake ni kukaa karibu." Firmin akamtazama. "Weye umepita Kavimvira. Umeiona gari yetu nyekundu?"

"Gari gani?" mgeni akauliza.

Georgette, aliyekuwa akianika samaki, aliangua kicheko, na Firmin akacheka naye, kwa mara ya kwanza tangu siku ya moto. Kisha akafungua kibanda, akaujaribu mpira, na maji ya ziwa yakaruka hadi kwenye paa la jirani. Hapo ziwa lilikuwa limepata mikono, na Kalundu yote ilikuwa imejua kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka.