Kombo na Uzi wa Shanga

Sogeeni hapa, na msiruke neno. Kombo aliruka herufi moja tu, na mtu nusura afe.

Ndani ya ini la Bi Mwanakheri, muuza mananasi, mna seli wanamoishi watu wanne. Bi Mize anatunza kitabu cha vinasaba, yaani DNA. Kitabu hakitoki chumbani, naye hatoki. Kombo hunakili ukurasa na kukimbia na nakala nje. Bi Time huleta shanga za kila aina. Fundi Makame huzitunga ziwe uzi, yaani protini: kila herufi tatu, ushanga mmoja.

Siku moja Bi Mwanakheri akimenya nanasi, kisu kiliteleza, damu chwaa! Habari ikafika: nyuzi za kugandisha damu zinakwisha! Atakayeziba jeraha, jina lake litaandikwa mlangoni pa chumba cha kitabu.

Moyo wa Kombo ukaruka. Kazi ikiisha nakala zake huchanwa. Hajawahi kuacha hata alama. Leo ni leo!

"Bi Mize, fungua!"

"Taratibu, mwanangu."

Taratibu ipi? Akanakili mbiombio, akachomoka. Makame akasoma tatu, tatu, tatu, akagota.

"We Kombo! Hapa pameandikwa 'mwisho'. Shanga tano? Unamvisha panya?"

Herufi moja ilirukwa, na zote zilizofuata zikasogea, 'mwisho' likasomeka kabla ya wakati. Kombo hakuficha. "Kosa langu. Chana!"

Akarudi mbio. Bi Mize akamfungulia ukurasa uleule, haujabadilika hata nukta. Safari hii Kombo alizigusa herufi kwa kidole, moja moja, huku damu ikimwagika.

Bi Time akabeba kila ushanga ulioitwa, asikosee hata mmoja. "Nipisheni, nisiwakanyage!"

Makame akatunga, akatunga, mpaka mwisho wa kweli. Uzi ukajikunja, ukaingia damuni pamoja na nyuzi za seli jirani. Damu ikaganda! Bi Mwanakheri akafunga kitambaa, akaendelea kumenya.

Ndipo ugomvi ulipoanza.

"Bila kitabu changu mngetunga nini?" akasema Bi Mize.

"Kitabu kisichotoka chumbani kingemfikia nani?" Kombo akafoka.

"Na shanga zilikuja zenyewe?" akauliza Bi Time.

"Haya, zitungeni bila mikono yangu!" akacheka Makame.

Wakaenda mlangoni, Bi Mize akichungulia kwa ndani. Kumbe kati yao anayejua kuandika ni Kombo peke yake! Nyuma yake nakala yake inachanwa vipande vipande. Mbele yake mlango ni mtupu, na wenzake watatu wanamkodolea macho. Akainua kalamu.

Je, wewe ungemwambia aandike jina la nani?