Shimo Lililopigwa Deki

Ndugu zangu, leo mnisamehe, sina mfano wa kuchekesha. Jumapili iliyopita mlicheka mpaka mkasahau somo, na mmoja wenu alinikuta sokoni akaniuliza yule mbuzi aliishia wapi. Habari za toba hakuniuliza. Kwa hiyo leo tulieni mnisikilize.

Kulikuwa na msimamizi mmoja wa jengo la ghorofa nane, mjini huko ambako kila ukiamka unakuta ghorofa jipya. Alikuwa mtu safi sana. Kufagia, kupiga deki, kuwasha pampu ya maji, kufungua geti, kazi zote zake. Na ghorofa ya saba alikaa mama mmoja mjane, figo zake zimekufa zote mbili. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alishuka kwenda hospitali kusafishwa damu. Ngazi asingeziweza, alitegemea lifti. Akikosa siku moja anavimba uso. Akikosa mbili, tatu, mnaelewa.

Kila akipita mlangoni msimamizi alimwamkia, "Shikamoo mama." Naye hujibu, "Marahaba mwanangu. Mungu akutunze, wewe na lifti yako."

Asubuhi moja msimamizi akasikia harufu ya ukungu pale chini. Akafungua mlango wa lifti kwa ufunguo aliokuwa nao, akamulika tochi. Kule chini kabisa ya shimo, maji yamefika kwenye kifundo cha mguu. Yalikuwa yanachuruzika ukutani, kidogo kidogo. Na wazo lake la kwanza, ndugu zangu, lilikuwa wazo jema. Alisema moyoni, "Fundi akiyaona haya atafunga lifti. Akiifunga, yule mama atashukaje?"

Basi akazima lifti, akashuka na ndoo na kopo, akateka mpaka yakaisha, akapiga deki. Kesho yake yamerudi. Akateka tena. Ikawa ndiyo kazi yake ya kila asubuhi kabla wapangaji hawajaanza kushuka, na hakuna aliyejua.

Fundi wa lifti alikuwa anakuja mara moja kwa mwezi kukagua. Na sisi tunajijua kwa kupokea wageni. Hata mgeni aliyekuja kutafuta uchafu tunamfagilia kwanza. Siku ya fundi msimamizi alikuwa anateka mara mbili, anakausha kwa tambara, anaacha mlango wazi upepo upite. Fundi akimulika, anaona sakafu kavu.

"Mbona pananuka unyevu?" fundi akauliza siku moja.

"Nimepiga deki asubuhi, fundi. Nilisema usije ukachafua nguo."

"Hakuna maji yanayoingia huku?"

"Maji yatoke wapi? Njoo tunywe chai."

Fundi akanywa chai, akaandika pako sawa, akaaga. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja na dawa mkononi, mwenyeji akamwambia mimi mzima wa afya. Akamwambia hivyo miezi tisa mfululizo.

Lakini maji yale alikuwa anayatoa, hakuwa ameyazuia. Unyevu ulipanda shimoni taratibu, ukala nyaya, ukala vyuma. Jumanne moja asubuhi lifti ikatoa moshi, ikasimama. Hapakuwa na mtu ndani, wakamshukuru Mungu. Fundi akaja, akafungua, akakuta vitu vimeoza mpaka juu. Akasema vipuri vyake haviko nchini, vitaagizwa, wiki sita.

Wiki ya kwanza vijana wa jengo walimbeba mama kwenye kiti cha plastiki, kushuka na kupanda, na msimamizi alikuwa wa kwanza kushika kiti. Wiki ya pili wakapungua. Mmoja kasafiri, mwingine mgongo unamuuma. Mama aliyaona yote hayo. Ijumaa ya wiki ya tatu msimamizi alipogonga mlango, mama akamwambia, "Leo niacheni, mwanangu. Mmechoka. Nitakwenda Jumatatu."

Akambembeleza, mama akakataa. Jumatatu hakuwa na nguvu ya kukaa kwenye kiti. Jumatano walimshusha, na siku hiyo hawakuhitaji kiti.

Baada ya mazishi vipuri vikafika, fundi akaja. Msimamizi akamvuta pembeni, akamweleza yote, ndoo, tambara, miezi tisa. Kisha akamuuliza, "Fundi, kama ningekuonyesha yale maji siku ya kwanza, ungefunga lifti muda gani?"

Fundi akafikiri. "Bomba la ukutani tu hilo. Siku mbili. Ningefunga Jumamosi asubuhi, Jumapili jioni inatembea."

Jumamosi na Jumapili, ndugu zangu. Siku ambazo mama hakuwa anashuka kabisa. Na kwa miezi tisa yule mtu hakuwahi kuuliza.

Najua wengine mmeshaandaa methali: mficha maradhi, kilio humuumbua. Ni kweli. Lakini hebu tazameni, aliyeficha yuko hai mpaka leo, anafagia. Kilio kilikuwa ghorofa ya saba.

Sasa sisi. Baba, vile vidonge unavyomeza chooni ili mkeo asijue, unasema unamwepusha na majonzi. Mama, ile michubuko unayofunika kwa mtandio, unasema ni kwa ajili ya watoto. Na mimi ninayesimama hapa mbele nimevaa nguo nyeupe, msidhani sina ndoo yangu. Tunakuja hapa kila Jumapili tumeshakausha, tunanukia sabuni, tunaulizana hali, tunajibu njema. Mungu hadanganyiki na sakafu kavu, yeye ameyaona maji tangu siku ya kwanza. Lakini yeye humfungulii, na wale aliowaweka karibu yako wakusaidie, wao hawawezi kuyaona mpaka uwaonyeshe. Tunaogopa tutafungiwa kazi, tutafungiwa ndoa, tutafungiwa heshima. Je, umewahi kuuliza ni kwa muda gani? Nani alikuambia ni milele?

Inaniuma kusema haya, kwa sababu nimezika watu kama yule mama. Baada ya ibada nitabaki pale ofisini. Asiyetaka kuja kwangu aende kwa mkewe, aende kwa mumewe, aende kwa daktari, lakini aende leo, na asipige deki kwanza. Maana kuna mtu anakaa juu yako, anakutegemea wewe ili ashuke, na kila akipita anakuombea kwa Mungu, naye hajui kitu.