Hadhari ya Digidigi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmelala njaa? Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, nyikani, waliishi Digidigi wawili, Kombo na mkewe Mize. Kombo alisifika kwa hadhari. Kila alfajiri alizunguka kichaka chao akiweka samadi mpakani, na ng'ambo ya samadi ile hakukanyaga kamwe.

Ukaja ukame. Kidimbwi chao kikageuka tope.

"Mume wangu," alisema Mize, "Kwale anasema bondeni kuna maji. Twende tungali na miguu."

"Bondeni kuna Chui. Tungoje. Hadhari kwanza."

Tope likakauka.

"Kombo, twende!"

"Na Chui je? Tungoje. Hadhari kwanza." Kombo aliguna. Mwanamke huyu, haraka zake zitatuua!

Majani nayo yakanyauka. Mize alijaribu kusimama, akaketi.

"Baba, twende."

"Njiani hakuna hata kivuli. Tungoje. Hadhari..."

"Hadhari, hadhari! Hiyo si hadhari! Mwenye hadhari hupima hatari ya kwenda na hatari ya kukaa. Wewe, ya kukaa hujaipima hata mara moja. Chui humwoni, unamwogopa. Kiu unaiona, umeikaribisha kama mkwe!"

Kwale alikuwa juu ya kichuguu. Akacheka. "Shemeji, hata samadi yako imekauka! Sasa unalinda nini?"

Kombo alitaka kumtukana. Akageuka kwanza kumtazama mkewe. Ulimi wa Mize ulikuwa mweupe.

Akaruka mpaka. Alikimbia akimtafuta Chui kulia, akimtafuta kushoto, akimtafuta nyuma. Hakumwona. Bondeni palikuwa karibu, karibu mno, hata akaudhika. Akachovya fungu la nyasi majini, akaling'ata, akarudi mbio.

Mize alionja tone moja.

"Matamu," alisema. "Ni mbali?"

Kombo alitamani kudanganya. "Si mbali. Ni hapo tu."

"Unaniudhi wewe," alisema Mize, akamwegemezea kichwa begani. Hakukiinua tena.

Basi mtazameni Digidigi hadi leo. Akifika mpakani, samadi peke yake haimtoshi. Huinamisha uso, akaacha chozi jeusi kwenye ncha ya kijiti, kisha husimama akitazama ng'ambo.

Na mimi hadithi yangu imeishia hapo, mpakani.