Kinga Iliyozidi

Ndugu zangu, alikuwako mama mmoja, mpishi wa jumuiya yake, mtu wa pilau za harusi na chai za msiba. Figo zake zilipokufa, kaka yake alimpa moja ya zake. Madaktari wakampa vidonge vya kushusha kinga, maana mwili una wivu: ukiletewa figo ya mwingine, huiita adui na kuishambulia.

Akaishi. Akapika. Kisha shingoni ikamtoka tezi, ikakua kama limau. Hospitali wakamwambia ni saratani ya tezi. Kuna kirusi ambacho karibu kila mtu hukipata, wengi utotoni, kisha hutulia mwilini kimya. Kinga yake iliposhuka, kikaamka na kuzua balaa.

Mama hakuficha, maana mficha maradhi kifo humfichua. Lakini wenzake walisikia nini? Walisikia mawili tu: kirusi, na upungufu wa kinga. Mnacheka? Ninyi mngesikia nini?

Siku ya sala, chai ikamiminwa katika vikombe vya udongo. Yeye akapewa cha plastiki, kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio. Aliutazama uzi ule, machozi yakamlengalenga. Mikono iliyowapikia miaka yote, leo inatiwa alama!

Mwenyekiti, mtu mwema tu, akamnong'oneza, "Mama, watoe watu wasiwasi. Simama useme si ule ugonjwa. Sema ni mambo ya figo, yaishe."

Na ilikuwa kweli! Neno moja tu, na kikombe chake kingerudi. Wewe ungenyamaza?

Akasimama. "Mwenyekiti anataka niseme si ule. Sisemi ng'o! Nikishajitakasa mimi, yule mwenye nao, anayemeza dawa zake kwa siri humu humu, atanywea kikombe gani?"

"Mama, keti basi," mwenyekiti akasema.

"Siketi! Kirusi kilichonipa uvimbe huu kimelala hata ndani yenu, pengine nyote. Basi tuvifunge uzi vikombe vyote, au huu ukatike."

Hakungoja jibu. Aliukata kwa meno, akainywa chai yake yote, kisha akavikusanya vikombe vya watu wote na kile cha plastiki, akaviosha katika beseni moja. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

Ndugu zangu, mwili wa mama yule ulishushwa kinga ili umpokee kaka yake. Gharama yake ni hiyo saratani, na hadi leo anapambana nayo kwa dripu. Sisi je? Sisi kinga yetu haikupungua. Imezidi! Tunamwona aliye kiungo chetu wenyewe, tunamwita adui. Sasa mgonjwa ni nani?

Msiniitikie amina. Amina ni rahisi. Tukitoka hapa kuna chai pale nje, nami nitakuwa naangalia vikombe.