Mwali Aliyeimba Nyuma ya Pazia

Hapo zamani, harusi zilipokuwa zikiimbiwa na watu na si na spika, palikuwa na msichana aitwaye Somoe, aliyeamini kuwa hakuna sauti kama yake. Akiimba kisimani, wanawake walijitwika ndoo haraka wakaondoka. Yeye alijiambia, "Wamekwenda kuwaita wenzao."

Ikaja posa ya Shaibu. Somoe alimtaka Shaibu kuliko kitu chochote. Kuliko kuimba? Hapo ndipo alipokwama. Na shangazi yake Shaibu, Bi Nuru, akaweka sharti: "Ukoo wetu hauoi mwimbaji."

Mama yake Somoe akaapa, "Wallahi, mwanangu hataimba tena!"

Somoe akainamisha kichwa kama mwali mwema. Moyoni aliuhurumia ulimwengu: masikini, utaishije bila yeye?

Siku ya harusi akawekwa chumbani nyuma ya pazia, hina mikononi, kinywa kimefungwa, maana mwali hasemi. Uani, Bi Riziki, kiongozi wa waimbaji, akaanza wimbo. Lakini alikuwa amebugia achari ya pilipili. Kufika ubeti wa pili, sauti ikamkauka, akatoa mlio wa jogoo aliyekabwa.

Wanawake wa upande wa bwana harusi wakadakia: "Jamani, tumekuja harusini au matangani?"

Somoe alipaswa kusikitika. Alifurahi hadi akajikuna pua kwa hina mbichi.

Mama akaingia mbio. "Imba!"

"Mama, si uliapa?"

"Niliapa jana. Aibu ni ya leo. Imba, mtoto we!"

Somoe akaimba palepale nyuma ya pazia. Ngoma zikaamka, vigelegele vikapaa, na Bi Nuru mwenyewe akacheza mpaka kanga ikamdondoka. Akapaza sauti, "Wallahi, mwenye sauti hii aniombe lolote, nitampa!"

Mwenye akili angetulia. Somoe akafungua pazia, pua nyekundu.

"Shangazi, naomba nije kwenu na sauti yangu."

Ngoma zikakatika.

"Mwali anasema!" akamaka Bi Nuru.

"Sikusema, Shangazi. Niliimba."

"Ndiyo vibaya zaidi! Mimi nimemwapia mwimbaji, sikumwapia mkwe. Sina kosa."

"Nami sina kosa," akasema Mama. "Tungenyamaza, mngetucheka. Tumeimba, mmecheza. Tena wewe, Bi Nuru, umecheza kuliko wote!"

"Nami sina kosa," akasema Bi Riziki kwa sauti ya kukwaruza, "ila hiyo achari mliniandalia nyinyi wenye harusi."

Shaibu alikuwa mlangoni akisubiri kuingizwa kwa mwali. Akasema, "Mimi nilimposa kwa ajili ya kelele zile zile za kisimani."

"Basi mbona nilipoweka sharti ulinyamaza?" akauliza Bi Nuru.

Shaibu akarudi nyuma hatua moja, nje ya mlango.

Kwa mara ya kwanza Somoe hakutamani kuangaliwa. Alijua kuwa akinyamaza atampata Shaibu, na atakaa naye miaka yote bila kuimba tena. Akiendelea kuimba, Mama ataitwa mwongo mpaka kaburini.

"Amueni," akasema. "Hina inakauka."

Wakabishana mpaka biriani ikapoa, na mpaka leo wapo pale. Basi amueni nyinyi mnaosikiliza: Mama aliapa kuwa Somoe hataimba tena, Bi Nuru naye akaapa kumpa mwenye sauti lolote aombalo, na viapo hivyo viwili haviwezi kukaa nyumba moja. Je, ni kiapo cha nani kinachostahili kuvunjwa?