Figa la Bi Kalunde

Sogeeni karibu, niwape habari za Bi Kalunde. Jiwe lilianguka kutoka angani, likamvunjia banda la kuku. Akaliokota, akalifanya figa, akawa anasongea ugali juu yake. Masunzu, tajiri wa ng'ombe, aliposikia kuna wageni wanayatafuta mawe ya namna hiyo, akaliiba.

Mahakamani Masunzu aliapa kwamba jiwe lile ni urithi wa babu yake. Mnunuzi wake alikuwa ameketi nyuma, begi mapajani.

"Bibi," hakimu akauliza, "jiwe lako lililoibwa lina thamani gani?"

"Langu la mbinguni? Nyumba nzima ya bati, mheshimiwa." Kalunde akaligeuzageuza lile lililokuwa mezani, akalinusa, akacheka. "Lakini hili si langu. Hili ni la mtoni, halifikii hata thamani ya kuku. Mwacheni mzee wa watu aende na jiwe lake."

Masunzu akatabasamu. Kule nyuma, mnunuzi akafunga begi, akainuka.

"We mgeni, ngoja!" Masunzu akaruka. "Bibi huyu anakudanganya! Ni lenyewe!"

"Lenyewe lipi, baba? Mimi nisilijue figa langu?"

Mnunuzi akaufungua mlango.

"Hilohilo figa lako! Nimelitoa mwenyewe chini ya chungu chako, likiwa moto! Tazameni lilivyoniunguza!" Akawainulia watu wote kiganja chenye kovu.

Hakimu akaweka kalamu chini.

"Mheshimiwa," Kalunde akasema kwa upole, "ile bei ya kuku, naomba niirekebishe."