Huruma ya Kiboko Mlangoni pa Chemchemi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko, mikeka na majirani wa kuwasengenya, kulikuwa na chemchemi katikati ya miamba miwili. Njia ya kuifikia ilikuwa nyembamba kama mlango wa choo.

Kiangazi kikakaza. Mito yote ikakauka. Ndipo Kiboko alipoanza mambo yake ya kutafakari.

Alikuwa amesafiri mbali, akarudi na kitambaa cheupe shingoni na maneno mapya kinywani. Akaketi, pwaa! katikati ya njia ile ile, maana ndipo palipokuwa na upepo wa ubaridi. Akafumba macho, akavuta pumzi. Fyuuu! Fyuuu! Mchana kutwa, usiku kucha. Akiona kiu, aligeuza shingo tu, akanywa.

Siku ya tatu akaja Bi Pelele, yule mnyama wa miambani, mdogo kama kikapu cha mayai, na kibuyu kitupu mkononi. Mwanawe Kijoli alikuwa na homa, na nyumbani hapakuwa na tone la maji.

"Hodi, Mzee Kiboko! Naomba njia."

Nyati, mwanafunzi wa Kiboko, akamkemea. "Shii! Mwalimu yuko ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya nafsi yake."

"Basi na asogee huko huko ndani, atuachie mlango."

Kiboko akafumbua jicho moja. "Binti yangu, unaona nimekaa. Lakini si mimi niliyekaa. Imeandikwa nikae. Sina hiari."

"Mwanangu anaungua, Mzee. Midomo imempasuka."

"Nimekwisha kumhurumia. Asubuhi hii nimewahurumia digidigi wawili, nungunungu mmoja na ukoo mzima wa kanga. Sasa namhurumia na mwanao. Fyuuu! Haya, hajapata nafuu?"

"Na maji je?"

"Maji ni tamaa, mama."

"Lo! Maneno hayo!" Nyati akafuta chozi.

Bi Pelele akarudi nyumbani na kibuyu chake kitupu. Akamkuta Kobe mlangoni, anahema. Tangu alfajiri Kobe alikuwa akikusanya umande kwenye jani la mgomba, akaubeba kwa mwendo wake ule, asiumwage. Hakutoa hotuba. Aliulowesha mdomo wa Kijoli, akasema, "Umekuwa kidogo, dada, nisamehe," akaenda zake.

Bi Pelele akamtazama mtoto. Umande ule usingemfikisha jioni. Akasimama. Akajifunga majani mikononi, akaenda kichakani kuchuma upupu.

Kama hamuujui upupu, msiuguse. Ni yale maganda yenye manyoya ya kahawia. Yakikupata, utajikuna mpaka usahau jina lako, na dawa yake ni majivu. Bi Pelele akaupaka mkeka mpya, huku na huku, kisha akaubeba kwa ncha mpaka kwa Kiboko.

"Mzee wangu, nimekosa. Mwalimu mzima kukalia mawe matupu! Nimekuletea mkeka wa kutafakaria."

"Nyati, umeona?" Kiboko akatabasamu. "Huyu sasa ameelewa. Tandika, binti."

Akainua makalio kidogo, mkeka ukapita chini, akakaa tena, pwaa! Nyati naye akajibanza pembeni ya mkeka, asipitwe na baraka.

Fyuuu! Fyuuu! Fyu... Kiboko akajitikisa. Fyu... akajisugua kushoto. Akajisugua kulia.

"Nyati, unasikia kitu?"

"Nasikia utulivu, Mwalimu. Lakini utulivu huu... una meno! Yalaa!" Nyati akaruka. "Iwe imeandikwa, isiwe imeandikwa, mimi naondoka!" Akatimka, vumbi nyuma yake.

Kiboko akabaki, kwaru kwaru kwaru, anajikuna kwenye mwamba. "Bi Pelele! Mkeka huu una nini?"

"Una upupu, Mzee. Lakini si mimi niliyeupaka. Imeandikwa niupake."

"Nileteeni majivu! Nafa!"

Bi Pelele akaketi juu ya jiwe, akakunja miguu, akafumba macho.

"Bi Pelele!"

"Shii! Niko ndani."

"Nisaidie, mwanangu!"

"Nakuhurumia, Mzee. Nimeanza na makalio, sasa naelekea mgongoni. Fyuuu! Hujapata nafuu?"

"Huruma gani hiyo isiyonyanyua hata mkono!"

Kanga, digidigi na nungunungu, waliokuwa wamesimama na vibuyu vyao, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Basi inuka, ukajigaragaze vumbini," akasema Bi Pelele. "Au huna hiari?"

"Ninayo! Ninayo tele!"

Gubugubu! Kiboko akainuka, akakimbia, kitambaa cheupe kikabaki kwenye miba. Njia ikawa wazi.

Bi Pelele akaukunja mkeka kwa kijiti, akautupa shimoni, asije mtoto wa mtu akaukalia. Akateka maji, akakimbia nyumbani. Kijoli akanywa funda moja, la pili, la tatu. Akafumbua macho. "Mama, nina njaa," akasema, na Bi Pelele akalia kwa furaha.

Mtoto alipokwisha kula, mama akazoa majivu jikoni, akamfuata Kiboko kwenye vumbi, akaanza kumpaka mgongoni.

Kiboko akaona haya. "Umeandikiwa kunipaka?"

"Hata," akasema Bi Pelele. "Nilipokuwa nazoa majivu haya, nilikuwa na hamu sana ya kukuacha ujikune mpaka Ijumaa. Nimeamua tu. Geuka, nipake na huku."

Kiboko akageuka, na safari hii macho yake yalikuwa wazi.

Wanangu, huruma isiyoinuka ilipokaa ni usingizi tu.